Treni ya chini ya ardhi ni daladala isiyo na konda

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, habari za treni hazikauki vijiweni, na katika mazungumzo hayo vitu viwili, SGR na metro, yaani treni ya ndani ya jiji, vimechanganywa hadi watu wanashindwa kuvitenganisha. Kuna wanaosema SGR yetu ndiyo metro yenyewe, kwa sababu inatumia umeme na inapita ndani ya mahandaki kule Kilosa. Kuna wanaobisha kwamba metro ni ile ya Ulaya inayopita chini ya nyumba za watu, na kwamba mgeni akijitia kuingia humo peke yake ataibukia asikokujua. Kwenye ubishi wa namna hii kila upande huwa na shemeji aliyewahi kusafiri, na shemeji huyo huwa hayupo kuulizwa.

Jambo lenyewe si la kubishania tu. Afisa wa wizara pale Mtumba anaitwa mafunzoni London. Mwenye duka la nguo Majengo anakwenda Guangzhou kufunga mzigo. Mama anamsindikiza mgonjwa Delhi. Mwingine anapita Dubai siku mbili na anataka kuliona jiji. Wote watakutana na ngazi zinazoshuka chini ya barabara, na wengi wataishia kulipa teksi kwa bei ya kuumiza, kwa sababu ya woga na si kingine.

Kwa maoni yangu woga huo unatokana na neno treni. Mtu wa Dodoma akisikia treni anawaza tiketi yenye jina lake, namba ya behewa, namba ya kiti, kitambulisho mkononi na kuwahi stesheni. Metro haina hata kimoja katika hivyo. Metro ni daladala. Inapita kila baada ya dakika chache, inasimama kituo hadi kituo, aliyekosa kiti anasimama, na ikikuacha unasubiri inayofuata. Tofauti yake kubwa na gari la kutoka mjini kwenda Ihumwa ni kwamba haina konda. Kazi zote za konda, yaani kutangaza njia, kukuambia gari linaelekea upande gani, kudai nauli na kukukumbusha kituo chako, zimehamishiwa kwenye rangi, namba, mashine na maandishi ya ukutani. Ukijua kila kazi imehamia wapi, umemaliza shule.

Metro ni nini na si nini

Metro ni mtandao wa treni za umeme za ndani ya jiji, zinazopita kwenye reli zao peke yao bila kukatizana na magari wala waendao kwa miguu, na zinazopita mara kwa mara kiasi kwamba abiria wa kawaida hana haja ya kujua ratiba. Faida yake yote imo katika kuwa na njia yake yenyewe. Hakuna foleni, hakuna taa nyekundu, hakuna msafara wa kiongozi wa kupisha. SGR ni treni ya masafa marefu, inaunganisha mji na mji. Mwendokasi wa Dar una njia yake, lakini ni basi na kwenye makutano bado linakutana na magari. Treni ya Addis Ababa iliyoanza 2015 inapita ndani ya jiji, ila ni treni nyepesi na karibu safari yake yote ni juu ya ardhi.

Hapo ndipo pa kuondoa dhana ya kwanza, kwamba metro lazima iwe chini muda wote. London, iliyoanzisha mambo haya, zaidi ya nusu ya reli zake ziko juu, kwenye mwanga wa jua. Metro ya Dubai, iliyofunguliwa 2009, kwa sehemu kubwa inapita juu ya nguzo, na abiria anaona maghorofa pande zote. Kwenda chini ni namna tu ya kupata nafasi pale ambapo jiji limeshajaa na huwezi kubomoa mitaa ili kupitisha reli.

Ndivyo ilivyokuwa London. Januari 1863 njia ya kwanza duniani ilifunguliwa kati ya Paddington na Farringdon, na treni zilivutwa na injini za mvuke, moshi wote ukibaki humo humo handakini. Watu walipanda hivyo hivyo huku wakikohoa. Nafuu ya kweli ilikuja 1890, njia ya kwanza ya umeme ilipoanza kwenye kina kirefu. Budapest ikafuata 1896, Paris 1900, New York 1904. Afrika ilisubiri hadi 1987, Cairo ilipofungua ya kwetu ya kwanza.

Na Dodoma je? Swali hili huulizwa nusu kwa utani, lakini lina jibu. Kuchimba ni gharama kubwa mno, na gharama hiyo inabebeka pale tu penye abiria wengi ajabu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Guangzhou ina zaidi ya milioni 18. Jiji lililopangwa kuwa makao makuu na ambalo bado lina nafasi ya kupitisha barabara halina sababu ya kujichimbia.

Hofu ya hewa na ya kufukiwa

"Huko chini mtu anapumua nini?" Anapumua hewa inayoletwa kutoka juu. Mahandaki yana mabomba ya kupitishia hewa na mafeni makubwa, na treni zenyewe zinasaidia: zikija zinasukuma hewa iliyo mbele yao, ndiyo maana ukiwa jukwaani unapigwa na upepo kabla hujaona taa. Mgeni hushtuka akidhani kuna hatari, wenyeji wanajua treni yao inafika. Joto ni suala jingine. Baadhi ya njia za zamani za London hazina kiyoyozi, na wakati wa kiangazi chao zinakera hata kwa mtu aliyezoea jua la Oktoba la hapa.

Kuhusu kufukiwa, stesheni nyingi za Paris na New York ziko karibu tu na uso wa barabara, kwa sababu zilijengwa kwa kufumua mtaa, kujenga handaki, kisha kufunika tena. Nyingine huchimbwa ndani kabisa kwa mashine. Stesheni ya Arsenalna, kule Kyiv, Ukraine, iko zaidi ya mita 100 chini. Wakati wa mabomu ya Vita Kuu ya Pili, wakazi wa London walishuka kwenda kulala kwenye stesheni hizi, maana ndipo palipokuwa salama kuliko nyumbani.

Njia na upande: hapa ndipo wengi wanapopotea

Kila njia ya metro ina jina, namba au herufi, pamoja na rangi yake kwenye ramani. London ni majina kama Central, Piccadilly na Northern. Paris ni namba. Delhi wanaziita kwa rangi zenyewe. Ushauri wangu ni kushika jina au namba kwanza, rangi iwe ya kusaidia tu. New York itakuonyesha sababu: treni za 1, 2 na 3 zote ni nyekundu, A, C na E zote ni za buluu, na mbele ya safari huachana. Mtu aliyeambiwa "panda ile ya buluu" ana nafasi nzuri ya kulala kwa wengine.

Ukishapata njia, bado una nusu ya kazi. Kila njia ina pande mbili, na mara nyingi zina majukwaa mawili tofauti. Hapa ndipo konda anapokosekana kwelikweli, kwa sababu yeye angepaza sauti. Dawa yake ni kujua jina la kituo cha mwisho upande unaokwenda, hata kama wewe mwenyewe unashuka cha tatu. Njia ya kwanza ya Cairo upande mmoja huishia Helwan na upande wa pili El Marg. Ya kwanza ya Paris ilijengwa kati ya mashariki na magharibi, na leo inaandikwa La Défense upande mmoja na Château de Vincennes upande mwingine. Abiria wa Paris haulizi kaskazini wala kusini, anatafuta jina la mwisho na kulifuata. Ni desturi ile ile ya kusoma kibao cha mbele ya daladala, kwa hiyo usijione mshamba.

Miji michache ina lugha yake. London huandika dira: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, kwa hiyo angalia ramani kabla ya kushuka ujue unakokwenda kuko wapi. Manhattan, katikati ya New York, huandika Uptown kwa wanaopanda kuelekea kaskazini na Downtown kwa wanaoshuka kusini. New York ina mtego mwingine. Baadhi ya milango ya barabarani hukupeleka upande mmoja tu. Ukishalipa na kugundua unataka upande wa pili, itabidi utoke, uvuke barabara na kulipa tena. Soma kibao cha juu ya ngazi kabla hujashuka.

Kisha kuna njia zinazogawanyika. Northern ya London ina matawi mawili katikati ya jiji, moja linapita Bank na jingine Charing Cross. Treni mbili zinafuatana kwenye jukwaa moja, zina rangi moja, na zinakwenda kwenye mitaa tofauti. Ubao wa jukwaani unakuambia inayokuja inapita wapi, na inaandikwa pia usoni mwa treni. Ikiwa huna uhakika, iache ipite. Inayofuata haiko mbali.

New York imeongeza na hili: kuna treni za kusimama kila kituo na kuna za haraka zinazoruka vituo. Mchana, treni A ikitoka mtaa wa 59 haisimami tena hadi mtaa wa 125, Harlem. Jumba la makumbusho la viumbe na maumbile liko mtaa wa 81. Kila siku kuna mtalii anayeliona likipita kichwani mwake kwa mwendo wa kasi. Angalia kwenye ramani yao kama kituo chako ni cha treni za kawaida tu au ni kile ambacho hata za haraka husimama.

Ramani haisemi ukweli wote

Ramani ya metro imechorwa kwa ajili ya kujua unabadilishia wapi, haikuchorwa ili kupima umbali. Mtindo huu tunaouona dunia nzima, wa mistari iliyonyooka na kona safi, ulitolewa London 1933. Aliyeuchora, Harry Beck, alikuwa mchora michoro ya umeme, na alitambua kwamba aliye chini ya ardhi hajali mto umepinda wapi wala barabara imekata kona ngapi. Anachotaka kujua ni vituo vingapi vimebaki na wapi ahamie njia nyingine. Wakubwa waliikataa mwanzoni, wananchi walipopewa wakaipenda.

Faida hiyo ina gharama yake kwa mgeni. Vituo vya Leicester Square na Covent Garden vinatenganishwa na mita 260 hivi. Ukijumlisha kushuka, kusubiri, kupanda na kuibuka tena, mtembea kwa miguu ameshafika zamani na kuagiza chai. Watalii hulipa nauli ya safari hiyo kila siku kwa sababu kwenye ramani inaonekana ya maana. Kwa hiyo katikati ya miji ya zamani, kabla ya kushuka chini, fungua ramani ya mitaa kwenye simu uone umbali halisi. China ramani za Google kwa kawaida hazifunguki, hivyo weka programu ya huko au piga picha ramani ya metro kabla hujaondoka hotelini.

Nauli bila konda

Kuna mitindo mitatu mikubwa. Wa kwanza ni nauli moja kwa safari yoyote. New York ukishapita geti unaweza kushuka kituo cha pili au kuzunguka jiji zima, bei haibadiliki, na kutoka hakuhitaji kadi. Wa pili ni nauli ya umbali au idadi ya vituo, kama Guangzhou, Delhi, Tokyo na Cairo. Wa tatu ni wa kanda: jiji limegawanywa, na unalipa kufuatana na kanda ulizovuka. London na Dubai wako huku.

Kwa nini hili limhusu mgeni? Kwa sababu mtindo ndio unaoamua kama utagusisha kadi mara moja au mara mbili. Kwenye nauli ya umbali na ya kanda, mashine haijui umetoka wapi hadi ikuone ukitoka. Unagusisha unapoingia, unagusisha unapotoka. London baadhi ya stesheni hazina geti, kuna mashine ndogo tu imesimama pembeni, na mtu anaweza kupita akiongea na simu bila kuiona. Asipogusisha, mfumo unamkata nauli ya juu kabisa. Hakuna aliyemwibia, ila ndivyo atakavyosimulia akirudi.

London imepokea kadi za benki za kugusisha tangu 2014, kwa hiyo huna haja ya kupanga foleni kununua tiketi. Kuna mambo matatu ya kuzingatia. Kila mtu awe na kadi yake, mume na mke hawawezi kuingilia kadi moja. New York wanaruhusu kugusisha kadi moja kwa ajili ya wenzako, London hapana. La pili, ulichoingilia ndicho utokee nacho. Kadi ya plastiki na kadi ile ile iliyowekwa kwenye simu huhesabiwa kuwa abiria wawili, hata kama akaunti ni moja. La tatu ni la kufurahisha: kuna kikomo cha malipo kwa siku, ukishakifikia safari zinazobaki za siku hiyo hazikuongezei deni, mradi umetumia kadi moja. Watoto walio chini ya miaka 11 wakiwa na mtu mzima wanasafiri bure.

Kwa anayetoka hapa, jambo la kufanya kabla ya safari ni kwenda benki kuuliza kama kadi yako ina alama ya kugusisha na kama imeruhusiwa kufanya malipo nje ya nchi. Kila malipo ya nje yana makato ya kubadilisha fedha, yaulize pia. Kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu kwa ajili ya manunuzi ya intaneti usiitegemee getini. Dubai utanunua kadi yao iitwayo Nol kwenye mashine au dirishani. China, ukifunga kadi yako ya Visa au Mastercard kwenye Alipay kabla ya kusafiri, maisha yanakuwa mepesi, kwa metro na kwa kila kitu kingine.

Paris wana desturi inayowaumiza wageni. Kadi au tiketi uliyoingilia unabaki nayo hadi utoke. Wakaguzi husimama kwenye korido, wala si mlangoni, na asiye na tiketi analipa faini hapo hapo. Maelezo ya kwamba wewe ni mgeni wameshayasikia kwa lugha zote.

Anayetua Heathrow, uwanja wa ndege wa London, aangalie jambo moja zaidi. Njia ya Piccadilly inakuingiza katikati ya London kwa treni moja bila kubadilisha, kwa nauli ya metro. Heathrow Express inafika haraka zaidi, lakini ni huduma nyingine na bei nyingine kabisa. Dubai, metro inafika Terminal 1 na Terminal 3 za uwanja wa ndege. Terminal 2 haina.

Kushuka, kuhama na kutokea

Kuhama njia hakuhitaji tiketi mpya kwenye miji mingi, mradi hujatoka getini. Unafuata vibao vya njia unayoitaka ndani ya korido, na korido hizo zinaweza kuwa ndefu kuchosha. Tokyo ni ya kuangalia, maana mitandao ya kampuni tofauti inakutana stesheni moja na unaweza kupita geti la huyu kwenda la yule, nauli ikihesabiwa upya.

Mlango wa kutokea nao una uzito kuliko wageni wanavyodhani. Stesheni kubwa ina milango mingi, na kila mmoja unakuibua upande tofauti wa barabara pana zisizovukika kirahisi. Guangzhou milango ina herufi, Tokyo ina herufi na namba, na Shinjuku peke yake inasemekana ina milango zaidi ya 200. Mwenyeji akikuelekeza, usiridhike na jina la kituo. Muulize, natokea mlango gani?

Mzigo ni shida ya peke yake. Stesheni za zamani za Paris na London nyingi hazina lifti, ni ngazi tupu, na mtu aliyetoka kununua vitu na masanduku matatu atajuta. Delhi na miji ya China mizigo yote hupita kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege kabla hujafika getini, hivyo ongeza muda. Kwa sanduku moja metro inatosha. Kwa mzigo wa biashara, hapo lipa teksi bila kujilaumu.

Adabu za humo ndani

Wasubiri wanaoshuka washuke kwanza. Inaonekana ndogo, lakini sisi tuliolelewa na kugombania mlango wa daladala jioni mwili unajipeleka wenyewe. London ukiwa kwenye ngazi za umeme unasimama kulia, kushoto pa wenye haraka, na atakayekuzibia njia atakohoa nyuma yako. Begi la mgongoni livue ulishike chini.

Delhi, Cairo na Dubai zina mabehewa au sehemu za wanawake. Delhi huwa behewa la kwanza, limewekewa alama ya waridi, na mwanamume anayeingia humo hutozwa faini. Kwa dada anayesafiri peke yake ni msaada mkubwa. Dubai wanaongeza sheria ya kutokula, kutokunywa wala kutafuna bazoka ndani, faini yake dirhamu 100, na faini hiyo hiyo inamngoja anayeingia behewa la Gold, la daraja la juu, kwa kadi ya kawaida. Metro ya Dubai haina dereva, kompyuta ndiyo inaendesha, na aliye mbele kabisa anaiona njia. Anayeogopa hilo ajue Paris nako njia ya 14 imekwenda hivyo tangu 1998.

Jambo linalowaumiza Watanzania zaidi halimo kwenye sheria yoyote. Ni ukimya. Unaingia, unasema habari zenu kwa nia njema, behewa zima linaangalia simu. Tokyo hata kupokea simu ndani ya treni ni kukosa adabu. Usilichukue kuwa ni dharau wala ubaguzi. Watu wanaokutana na nyuso elfu mpya kila asubuhi wamekubaliana kuachana kwa amani. Ila ukimwendea mmoja, ukamsimamisha kwa heshima na kumuonyesha jina la kituo, wengi watakusaidia, wengine hadi watakusindikiza.

Wezi wapo, hasa Paris na Barcelona, na wanapenda mlango. Treni inakaribia kufunga, simu inanyakuliwa, mwizi yuko nje, wewe uko ndani. Simama mbali na mlango ukiwa na simu mkononi, na dola zote za mzigo usizibebe kwenye mfuko mmoja.

Usishuke kwenye reli kwa sababu yoyote, hata simu yako ikiwa imelala pale unaiona. Miji kama London na New York umeme unapita kwenye reli ya pembeni chini kabisa, na unaua. Ita mhudumu, wana vifaa vya kuokotea. Mlango ukianza kujifunga usiukimbilie wala usiuzuie kwa mkono.

Na mkiwa wengi, wekeaneni mapatano kabla ya kuingia, hasa mkiwa na watoto au mzee. Mlango ukiwatenganisha, aliyeondoka na treni ashuke kituo kinachofuata na abaki hapo hapo jukwaani. Waliobaki wapande treni inayofuata ya njia ile ile. Asirudi mtu, kwa sababu mkirudi wote mtapishana handakini. Mtoto afundishwe jina la kituo cha karibu na mlipofikia. Aliyepitiliza kituo chake au kupanda upande usio wake asitoke getini, avuke kwenda jukwaa la pili na kugeuza. Asichelewe humo saa nyingi, maana baadhi ya miji huhesabu muda tangu ulipoingia. Tokyo, kama salio halitoshi wakati wa kutoka, kuna mashine ya kuongezea nauli karibu na geti.

Usiku nao una mipaka yake. New York treni hazilali. London baadhi ya njia hukesha Ijumaa na Jumamosi tu. Tokyo hufunga mnamo saa sita usiku, na aliyechelewa analipa teksi ya bei kali au anasubiri alfajiri. Mwambie mtu wa mapokezi hotelini akuandikie kwenye karatasi jina la kituo chako kwa maandishi ya kwao, Kichina, Kiarabu au Kijapani, pamoja na saa ya treni ya mwisho. Iwe karatasi ya mfukoni, kwa sababu ifikapo saa hizo simu nayo huwa imeisha chaji.